Kigugumizi cha Kompyuta: Kwa Nini Sauti ya Gemu za Zamani Hukatika

Sauti ya gemu ya kompyuta hukatika, karibu kila mara, kwa sababu ileile, iwe kwenye mashine ya mwaka 1985 au ya mwaka 2005: chipu inayoendesha spika imehitaji data, na data haijafika. Picha ikichelewa kidogo, jicho husamehe. Picha iliyotangulia hubaki kwenye skrini, na mchezaji huenda asitambue kwamba kuna kilichokosekana. Sikio halina msamaha huo. Utando wa spika uliokuwa ukitetemeka kwa kufuata wimbi huachwa ghafla mahali ulipo au hurudishwa kwenye utulivu kwa mruko mmoja, na mruko huo husikika kama mlio mkavu, “tak”. Milio hiyo ikifuatana mara ishirini kwa sekunde, muziki hugeuka mkwaruzo na maneno ya mhusika huwa kigugumizi.

Wahandisi waliikabili shida hii kwa njia ambayo mtu yeyote aliyeishi mtaa wenye mgawo wa maji anaielewa: waliweka tangi. Bomba la chini, yaani spika, linatoa maji bila kusimama na kwa kasi isiyobadilika. Mbebaji anakuja na ndoo kwa vipindi, mara anawahi, mara anachelewa. Tangi liko katikati ili ucheleweshaji wa mbebaji usionekane bombani. Katika kompyuta tangi hilo huitwa bafa, na ni sehemu ndogo ya kumbukumbu inayojazwa upande mmoja na kunywewa upande wa pili. Tangi likiwa kubwa halikauki upesi, lakini maji yake yamekaa: mchezaji anafyatua risasi na mlio unafuata baadaye. Likiwa dogo, mlio unaendana na kidole, ila mbebaji akijikwaa mara moja tu bomba linakauka. Historia ya sauti katika kompyuta ni historia ya ukubwa wa tangi hilo na ya nani amepewa kazi ya kubeba ndoo.

IBM PC iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981 haikuwa na tangi lolote. Ilikuwa na spika ndogo ndani ya kasha, iliyokusudiwa kulia mashine inapowaka au mtumiaji anapokosea. Spika hiyo ilijua hali mbili tu, kusukumwa na kuachwa. Amri zilitoka kwenye chipu ya saa, Intel 8253, iliyopokea mapigo 1,193,182 kwa sekunde. Programu ilipotaka noti ya mitetemo 440 kwa sekunde, iliiagiza chipu hiyo igawanye mapigo yake kwa 2,712, kisha ikaendelea na shughuli nyingine. Chipu ililia yenyewe mpaka ilipoambiwa inyamaze. Kwa hiyo noti moja haikuweza kukatika katikati. Kilichoharibika ni mwendo wa wimbo: kubadili noti kulisubiri prosesa, Intel 8088 ya megahezi 4.77, ipate nafasi, na saa ya kawaida ya mashine iliigutusha mara 18.2 tu kwa sekunde. Skrini ilipojaa maadui, wimbo ulivutika na kulegea pamoja na gemu yenyewe.

Baadhi ya watengenezaji hawakuridhika na milio hiyo. Walitaka spika ya hali mbili itamke maneno, na wakafaulu kwa ujanja: spika ikisukumwa na kuachwa maelfu ya mara kwa sekunde, huku urefu wa kila msukumo ukipimwa kwa uangalifu, utando wake hauwahi kufika mwisho wa safari na hutetemeka kama sauti ya mtu. Access Software ya Salt Lake City iliuita ufundi wake RealSound na kuutumia katika gemu kama Mean Streets ya mwaka 1989. Gharama yake ilikuwa kubwa. Prosesa ndiyo iliyopima kila msukumo, na haikuweza kuacha hata kwa nukta. Ndiyo maana katika gemu nyingi za ufundi huo mhusika anaposema, picha husimama. Mbebaji alikuwa akimimina maji bombani kwa kiganja, tone kwa tone.

Vifaa vya kuchomeka nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la printa, vilipunguza adha hiyo kidogo. Covox Speech Thing ilikuwa kimsingi kikundi cha vikinza vilivyogeuza namba kuwa volti, bila akiba yoyote ya data. Disney Sound Source, iliyofuata, iliongeza tangi: baiti 16 tu, zilizochezwa kwa kasi ya baiti 7,000 hivi kwa sekunde. Akiba hiyo ilitosha kwa milisekunde mbili na kidogo. Ni tangi la kikombe kimoja, lakini tofauti yake na kutokuwa na tangi kabisa ni kubwa sana, kwa sababu prosesa iliweza kuleta baiti kadhaa kwa mkupuo, kisha ikachora picha kabla ya kurudi.

Suluhisho la kwanza la kweli lilitoka mji wa Quebec, Kanada, na lilimwondoa mbebaji badala ya kumsaidia. Martin Prével, aliyekuwa profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Laval, alianzisha Ad Lib na mwaka 1987 akatoa kadi iliyojengwa juu ya chipu ya Yamaha YM3812. Chipu hiyo ilitengeneza sauti kwa kufanya wimbi moja litikise mitetemo ya wimbi jingine, mbinu iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967 na kuenezwa duniani na kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983. Iliweza kupiga sauti tisa kwa pamoja. Programu haikubeba mawimbi yenyewe. Ilituma maagizo mafupi tu: piga noti hii, kwa ala hii, kwa nguvu hii. Mwaka 1988 Sierra On-Line ilitoa King’s Quest IV ikiwa na muziki uliotungwa na William Goldstein kwa ajili ya kadi za namna hii, na wachezaji waliozoea milio ya spika ya ndani wakasikia okestra ndogo.

Hata hivyo kadi ya AdLib iliacha mtego uliowanasa watu miaka mingi baadaye. Chipu ya Yamaha ilikuwa na mwendo wa taratibu. Baada ya kuambiwa rejista gani inaandikwa ilihitaji kusubiriwa mikrosekunde 3.3, na baada ya kupokea namba yenyewe mikrosekunde 23. Waandishi wa programu waliofuata mwongozo walisubiri kwa kuisoma kadi yenyewe, mara 6 kisha mara 35, na kwa kuwa kasi ya kadi haibadiliki, subira hiyo ilidumu hata kwenye kompyuta mpya. Wengine walisubiri kwa kuifanya prosesa ihesabu kitanzi kitupu. Kwenye mashine ya megahezi 8 kitanzi hicho kilikuwa subira ya kutosha. Kwenye mashine ya megahezi 200 kilikwisha kabla chipu haijageuka. Noti zilipotea, ala zikabadilika, au gemu ikagoma kabisa. Gemu kadhaa za Sierra zilikuwa maarufu kwa kukataa kuwaka kwenye kompyuta za kasi, zikidai kwamba zimeshindwa kuandaa kifaa cha sauti, ilhali kifaa kilikuwa kizima. Hapa ndipo mtu anayerekebisha sauti ya gemu kongwe anapaswa kuwa mwangalifu zaidi: si kila hitilafu inatokana na mashine kuzidiwa. Nyingine zinatokana na mashine kuzidi.

Mwezi Novemba 1989 ilitokea kadi iliyobadilisha mambo kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote. Creative Technology ilianzishwa Singapore mwaka 1981 na Sim Wong Hoo pamoja na Ng Kai Wa, ikiwa duka dogo la kutengeneza kompyuta katika jengo la Pearl’s Centre. Kadi zake za kwanza hazikuvuma. Sound Blaster ilivuma kwa sababu ilikusanya kila kitu pamoja: chipu ileile ya AdLib, tundu la kuchomeka usukani wa gemu, na njia ya kucheza sauti zilizorekodiwa, za biti 8, kwa kasi ya sampuli zinazokaribia 23,000 kwa sekunde. Ad Lib ilifilisika mwaka 1992. Jina la Sound Blaster likawa kipimo. Kadi za kampuni nyingine ziliuzwa kwa ahadi kwamba zinaendana nayo, na gemu za mfumo wa DOS ziliandikwa kwa kuilenga yenyewe.

Ubora wa Sound Blaster ulikuwa katika utaratibu wa kubeba ndoo. Ndani ya IBM PC kulikuwa na chipu nyingine, Intel 8237, iliyoweza kuhamisha baiti kutoka kumbukumbu kwenda kwenye kadi bila kuisumbua prosesa. Njia hiyo inajulikana kwa herufi DMA. Gemu iliandaa kipande cha sauti kwenye kumbukumbu, ikaipa chipu ya 8237 anwani na urefu wake, kisha ikaendelea kuchora. Kipande kilipokwisha kadi ilipiga kengele, yaani ilituma ishara ya kukatiza kazi kupitia laini yake maalumu, IRQ, na prosesa ikaja kuandaa kipande kingine. Kwa sauti ya sampuli 11,025 kwa sekunde, kasi iliyotumiwa na Doom ya mwaka 1993, kipande cha baiti 512 kilidumu milisekunde 46. Kwa prosesa hiyo ni likizo ndefu.

Kasoro ilikuwa kwenye maungio. Kadi za mwanzo zilijua kucheza kipande kimoja tu kisha zikasimama. Kati ya kengele na amri mpya palikuwa na pengo dogo, na kila pengo lilisikika kama tone la maji kwenye bati. Mtu aliyecheza gemu mwaka 1990 alilisikia ndani ya kila sauti ndefu na akadhani ni ubovu wa kurekodi. Toleo la pili la programu ya ndani ya kadi hiyo liliziba pengo kwa kufanya tangi liwe duara. Kadi ilizunguka kumbukumbu ileile bila kusimama, ikipiga kengele kila ilipomaliza nusu, na gemu ikajaza nusu iliyokwisha nywewa huku nusu ya pili ikichezwa. Muundo huo wa duara umeendelea kutumika mpaka leo, na ndio unaoeleza ugonjwa ambao kila mchezaji wa zamani anaukumbuka: kompyuta inaganda, na neno moja au mlio mmoja wa bunduki unajirudia bila kikomo. Mbebaji amezimia, na bomba linazungusha maji yaleyale.

Ugonjwa huohuo ulitokea hata kompyuta isipoganda, pale kengele ilipopigwa kwenye mlango usio na msikilizaji. Laini za IRQ zilikuwa chache na hazikugawika vizuri. Sound Blaster za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa kwenye laini ya 7, ambayo printa nayo iliidai. Baadaye laini ya 5 ikawa ya kawaida. Mwenye kompyuta alipaswa kuhamisha vibanio vidogo juu ya kadi kwa mkono, kisha aandike katika faili la kuwashia mashine mstari wa kuitambulisha: SET BLASTER=A220 I5 D1, yaani anwani 220, laini ya 5, njia ya DMA namba 1. Gemu nyingi ziliuliza namba hizo upya. Mchezaji aliyekosea namba ya laini alisikia sehemu ya kwanza ya sauti, kisha kimya au mzunguko usiokoma. Dalili hii bado ni msaada mkubwa kwa anayefufua mashine ya miaka hiyo: sauti ikianza vizuri na kukwama sekunde ileile, kosa liko kwenye namba ya IRQ, isipoanza kabisa, aangalie anwani, ikichezwa ovyo kama kelele za mvua, aangalie njia ya DMA.

Kuchanganya sauti nako kulikuwa mzigo. Sound Blaster ilicheza mkondo mmoja tu wa sauti zilizorekodiwa, basi milio ya bunduki, mlango na jini iliyotokea pamoja ilijumlishwa na prosesa kabla ya kupelekwa. Doom iliuliza katika programu yake ya matayarisho mchezaji anataka kuchanganya sauti ngapi, kuanzia moja hadi nane. Mwenye kompyuta ya 386 aliyechagua nane alilipa kwa picha nzito na sauti ya kusitasita. Gravis Ultrasound ya mwaka 1992, kutoka Kanada, ilifanya kazi hiyo ya kuchanganya ndani ya kadi, ikiwa na kumbukumbu yake yenyewe, na wajuzi waliipenda sana. Haikuendana vizuri na Sound Blaster, na hilo lilitosha kuizuia kutawala soko.

Diski za CD zilileta namna nyingine ya kukatika ambayo leo husahaulika. Gemu nyingi za katikati ya miaka ya 1990 ziliweka muziki kwenye diski kama nyimbo za kawaida, na kisomeo kiliucheza chenyewe kupitia waya mwembamba uliokwenda moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Prosesa haikugusa chochote. Lakini kisomeo kina jicho moja. Gemu ilipohitaji kusoma ramani mpya kutoka diski hiyohiyo, muziki ulisimama mpaka usomaji ukamilike. Kwenye kompyuta za baadaye ambazo hazikufungwa waya ule, muziki haukukatika. Haukuwapo kabisa, na wachezaji wengi waliimaliza gemu nzima bila kujua kwamba iliwahi kuwa na muziki.

Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, iliziondoa namba za IRQ mikononi mwa mchezaji. Gemu haikuzungumza tena na kadi. Ilizungumza na DirectSound, sehemu ya DirectX, nayo ikazungumza na draiva ya kadi, programu ndogo iliyoandikwa na mtengenezaji wake. Faida ilikuwa kubwa. Hasara ni kwamba kati ya gemu na spika sasa palikuwa na wabebaji watatu au wanne waliopokezana ndoo, na yeyote kati yao aliweza kuimwaga. Kadi zenyewe zilihamia kwenye njia ya kuchomekea iitwayo PCI na kupata nguvu ya kuchanganya sauti nyingi bila prosesa. Sound Blaster Live! ya mwaka 1998, iliyotumia chipu ya EMU10K1, ilipamba sauti kwa mwangwi wa pango au ukumbi. Thief: The Dark Project ya mwaka huohuo iliutegemea uwezo wa namna hii, kwa kuwa mwizi aliyejificha gizani alimjua mlinzi kwa nyayo zake tu. Katika gemu kama hiyo sauti ikikatika mchezaji hakosi burudani, anakamatwa.

Wakati huohuo Intel ilikuwa inaelekea upande mwingine. Mpango wake wa AC’97, wa mwaka 1997, ulipunguza kifaa cha sauti kuwa chipu ndogo ya bei ya chini juu ya madabodi, inayojua kugeuza namba kuwa volti na kidogo zaidi ya hapo. Kuchanganya, kupamba na kubadilisha kasi ya sampuli kulirudishwa kwa prosesa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kiuchumi, na ndio ulioleta sauti kwenye kila kompyuta ya ofisini. Ila ulifuta kazi ya miaka kumi: mbebaji wa mwaka 1985 alirudishwa kazini. Prosesa za gigahezi moja au mbili zilimudu, mradi zibaki na afya.

Afya hiyo ndiyo kiini cha malalamiko ya sauti kwenye kompyuta zilizozeeka za kizazi cha Windows XP, mfumo uliotoka tarehe 25 Oktoba 2001. Nyingi kati ya kompyuta za mezani zilizotumika ofisini Ulaya na baadaye kuuzwa kama mitumba Dar es Salaam, Nairobi au Kampala zilikuwa za kizazi hiki, zenye sauti ya kwenye madabodi na miaka kadhaa ya vumbi ndani ya kasha. Gemu ya mwaka 1999 iliyochezeka vizuri mashine ikiwa mpya inaanza kugugumia, na mwenyewe anailaumu gemu.

Sababu inayostahili kutafutwa kwanza, kwa kuwa wachache huifikiria, imo kwenye diski kuu. Windows XP ilitumia DMA kusoma diski, kwa njia iliyoweza kufikia megabaiti 100 kwa sekunde. Makosa ya usomaji yalipojumlika kufikia sita, kwa waya uliolegea au diski iliyoanza kuchoka, mfumo ulijishusha kimyakimya hadi namna ya kale iitwayo PIO, ambamo prosesa yenyewe inahamisha kila kipande cha data, kwa kasi isiyozidi megabaiti 16.6 kwa sekunde. Haukumwambia mtu, na haukujipandisha tena. Tangu siku hiyo, kila gemu ilipofungua mlango wa chumba kipya na kusoma diski, prosesa ilishikwa mateka na tangi la sauti likakauka. Dalili yake ni kwamba sauti hukatika wakati taa ya diski inawaka. Dawa ni kubadili waya, kisha kuifuta njia husika ya IDE, yaani ile ya kuunganishia diski, katika orodha ya vifaa vya mfumo na kuiwasha mashine upya ili iigundue tena tangu mwanzo. Ikishuka tena baada ya wiki chache, diski inakaribia kufa na data zihamishwe.

Vumbi linafuata. Pentium 4, iliyoanza kuuzwa Novemba 2000, ilikuwa na kinga dhidi ya kuungua: ikipata joto kupita kiasi, hujipumzisha kwa vipindi vifupi sana mpaka ipoe. Kwa mtu anayeandika barua mapumziko hayo hayaonekani. Kwa tangi la sauti lenye akiba ya milisekunde thelathini ni maafa. Mashine ya namna hii hucheza vizuri dakika kumi za kwanza, kisha sauti na picha huanza kusitasita pamoja, hasa mchana wa joto. Hakuna mpangilio wa programu unaoliponya tatizo hilo. Kinachohitajika ni kupuliza vumbi kwenye mabati ya kupoozea, kuangalia kama feni inazunguka sawasawa, na kupaka upya ule utomvu wa kijivu ulio kati ya prosesa na bati lake, ambao hukauka na kuwa kama chokaa. Fundi akiwa ndani ya kasha atazame pia kapasita. Madabodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilifungwa kapasita mbovu, na zile zilizovimba kichwa au kuvuja hazisafishi tena umeme. Mkwaruzo wake husikika hata wimbo mmoja unapochezwa bila gemu yoyote, na hiyo ndiyo njia ya kuutofautisha na kukauka kwa tangi.

Mashine ikiwa safi na diski ikiwa kwenye DMA, ndipo mipangilio inapofaa kuguswa. Programu ya dxdiag, iliyomo ndani ya Windows XP, ilikuwa na kitelezi cha kupunguza kiasi cha kazi kinachoachiwa kifaa cha sauti, kuanzia kiwango kamili hadi sifuri. Draiva nyingi za AC’97 zilidai uwezo ambao hazikuwa nao, au ziliutekeleza vibaya, na kukishusha kitelezi hatua mbili kuliponya gemu nyingi. Kitelezi kingine, kilichokuwa kwenye mipangilio ya sauti ya Windows yenyewe, kilihusu ubora wa kubadilisha kasi ya sampuli. Chipu nyingi za AC’97 zilipenda sampuli 48,000 kwa sekunde. Gemu kongwe zilileta 11,025 au 22,050, na prosesa ilipaswa kukokotoa sampuli za katikati. Ubora wa juu kwenye mashine dhaifu ulikuwa mzigo usio na maana, kwa kuwa rekodi zenyewe zilikuwa za biti 8.

Draiva za vifaa vingine nazo ziliiba muda. Windows huruhusu kila draiva iahirishe kazi zake na kuzifanya kwa mkupuo mbele ya programu zote, na kadi ya mtandao usiotumia waya yenye draiva mbaya iliweza kuishika prosesa kwa milisekunde nyingi kila baada ya sekunde chache. Mkwaruzo unaokuja kwa vipindi sawa, kama mpigo wa saa, mara nyingi hutoka huko. Kuzima kadi hiyo kwa muda katika orodha ya vifaa ni jaribio la dakika moja, na majibu yake ni ya wazi.

Prosesa zenye viini viwili, kama AMD Athlon 64 X2 ya mwaka 2005, zilirudisha ule mtego wa AdLib kwa sura mpya. Gemu za miaka ya 1990 zilipima muda kwa kusoma kihesabio cha mapigo kilicho ndani ya prosesa. Kila kiini kilikuwa na chake, na vihesabio hivyo viwili havikwenda sawa. Gemu iliyohamishwa kutoka kiini kimoja kwenda kingine iliona muda ukiruka mbele au ukirudi nyuma, na sauti ikaruka nao. AMD ilitoa programu ya kuvilinganisha. Njia rahisi zaidi, inayofaa hata kwa Thief, ni kuifungia gemu kwenye kiini kimoja kupitia orodha ya programu zinazoendeshwa.

Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ilikata uhusiano wa DirectSound na kifaa. Tangu hapo mfumo wenyewe huchanganya sauti zote kwa prosesa, kwa vipande vya milisekunde 10. Draiva mbovu zilipungua madhara. Lakini mwangwi wa pango na ukumbi ulinyamaza katika gemu zilizoutegemea, na Creative ililazimika kutoa programu iitwayo ALchemy ya kutafsiri maombi ya gemu hizo kwa njia nyingine. Gemu za DOS, ambazo Windows za biti 64 haziziendeshi kabisa, zilibaki bila makao.

Makao yao ni DOSBox, iliyoanzishwa na Waholanzi wawili, Peter Veenstra na Sjoerd van der Berg, na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Programu hii huiga kompyuta nzima ya DOS, pamoja na Sound Blaster, DMA na IRQ zake. Ndani yake matangi ni mawili: la ndani, ambalo gemu inalijaza kwa nguvu za prosesa ya kuigwa, na la nje, ambalo DOSBox inalijaza kwa nguvu za prosesa halisi. Kukauka kwa lolote kati yake husikika vilevile, na dawa zake zinapingana. Prosesa ya kuigwa ikipewa mizunguko michache mno, gemu inashindwa kuchanganya sauti zake, na kubonyeza Ctrl pamoja na F12 ili kuongeza mizunguko huiponya. Mizunguko ikizidi uwezo wa mashine halisi, DOSBox yenyewe inachelewa, na kila nyongeza inaharibu zaidi. Hapo inahitajika Ctrl na F11. Kipimo cha kujua ni lipi ni kuangalia kazi ya prosesa halisi. Ikiwa imejaa kabisa, tangi la nje ndilo kavu. Ikiwa ina nafasi, la ndani ndilo linalodai.

Kwenye kompyuta iliyozeeka kwa kawaida ni la nje. Faili la mipangilio lina sehemu ya kuchanganyia sauti, yenye kasi ya sampuli 44,100, kipande cha sampuli 1,024 na akiba ya milisekunde kadhaa. Kushusha kasi hadi 22,050 hupunguza kazi nusu, na kwa sauti za biti 8 sikio halipotezi kitu cha maana. Kipande cha sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100 hudumu milisekunde 23. Kikiongezwa hadi 2,048 hudumu 46, na akiba ikipandishwa hadi 60 au 80 mashine dhaifu hupata pumzi. Kuiga chipu ya Yamaha kwa usahihi nako kuna gharama, kwa hiyo DOSBox inatoa namna nyepesi, oplemu=fast, inayofaa prosesa za zamani. Kuiga Roland MT-32, kifaa cha nje cha kutengeneza muziki, ni kuzito zaidi, na kwenye mashine ya Pentium III gemu inayotoa hiari ichaguliwe AdLib. Doom bado inauliza, katika programu yake ya matayarisho ya mwaka 1993, ichanganye sauti ngapi. Kwenye mashine kama hiyo, tatu zinatosha.